Shemeji ndiye alikuwa mkalimani: twende Mahakama ya Afrika?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko Ubaruku, Mbarali. Jirani yangu, mama wa Kibarbaig, alipigwa na mumewe mpaka akavunjika mkono. Kiswahili kinampa shida, hivyo kituoni akatafsiriwa na shemeji yake, mdogo wa huyo mume. Ikaandikwa "ugomvi wa kifamilia", wakaambiwa wakamalizane kwa wazee. Je, tunaweza kufungua kesi Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu?

JIBU: Marahaba dada, na asante kwa kusimama na jirani yako.

Arusha moja kwa moja hamuwezi. Mwaka 2019 Tanzania ilifuta tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kushtaki pale. Linaniuma, maana mahakama yenyewe iko nchini kwetu. Imebaki Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ile ambayo mwaka 2015 iliwapa haki wajane wawili wa Kisukuma walionyimwa mirathi. Lakini kote mtaulizwa kwanza mlifika wapi na vyombo vya hapa nyumbani.

Kwa hiyo tuanze na yule shemeji. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua mashauri ya wanawake wawili wa kabila la Me'phaa, Mexico, waliobakwa na wanajeshi. Walipokwenda kushtaki hawakupewa mkalimani. Mahakama ikaona serikali imewanyima haki kwa ubaguzi. Hukumu ile haiibani Tanzania, ila Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka maelezo yasomwe kwa lugha anayoielewa mhusika, asahihishe, ndipo atie sahihi. Nimewahi kushika karatasi ya namna hiyo: mistari minne, chini yake dole gumba la wino wa zambarau, na mwenye dole hakujua kilichoandikwa juu yake.

Rudini polisi, safari hii Dawati la Jinsia na Watoto, na mwanamke anayejua Kibarbaig asiye wa upande wa mume. Ombeni maelezo mapya. Bebeni PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, na picha ya eksirei. Wakikataa, mwandikieni mkuu wa upelelezi wa wilaya, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo ndiyo itakayowasemea hata Banjul. Afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza kwa watoa msaada wa kisheria wa bure.

Ila kabla hamjatoka, hakikisheni mama na watoto wana pa kulala usiku huo, mbali na ile boma.