Corolla 110, silensa haishuki hata injini ikishapata moto

Mkuu, umesema silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ya injini yako ya 5A inabaki 1,500 kwa dakika hata baada ya nusu saa barabarani, na fundi anataka kubadilisha throto nzima (sehemu inayopitisha hewa kuingia kwenye injini). Msimamishe kwanza.

Injini ikiwa baridi, 1,500 ni kawaida. Ikishapata moto inatakiwa ishuke hadi 700 au 800 hivi. Sasa jiulize: inapata moto kweli? Magari mengi huku kwetu yameshang'olewa thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto (fundi anakwambia "ya nchi za baridi hiyo"), hivyo maji hayafiki joto lake na kompyuta ya gari inaendelea kupandisha silensa. Angalia mshale wa temperecha. Ukikaa chini wakati wote, rudisha thamostati. Halafu jaza maji kwenye rejeta na utoe hewa, maana kuna maji yanayopita kwenye throto, na hewa ikikwama humo vali ya silensa hudhani bado kuna baridi.

Kama hayo yako sawa na silensa bado iko juu, pulizia maji kidogo kwenye mipira ya hewa na gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Mlio ukibadilika, panavuta hewa hapo.

Waya wa eksileta uwe na ulegevu kidogo. Skrubu ya kuzuia kipepeo (kile kibati kinachofunguka ndani ya throto) usiiguse!