Jibu kwa aliyeona simu asizozijua kwenye waifai ya nyumbani

Ndugu yetu wa Langoni ameuliza afanye nini, kwa kuwa intaneti ya nyumbani kwake huzorota kila jioni na kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ameona simu asizozitambua. Waliotangulia wamemshauri afiche jina la mtandao na aruhusu vifaa alivyovisajili peke yake. Nimekuwa nikiwatengenezea jamaa na majirani mitandao yao hapa Lamu, pamoja na nyumba kadhaa za wageni kule Shela, na kwa heshima natofautiana na ushauri huo, kwa sababu unampa mtu utulivu wa moyo bila kumpa ulinzi.

Jina lililofichwa halifichiki. Simu yako inapojiunga hulitaja jina hilo hewani, na programu za bure za kusikiliza mawimbi hulinasa papo hapo. Anwani za vifaa, yaani namba ambazo ruta hutumia kuvitambua vile vilivyosajiliwa, nazo husafiri wazi, hivyo mvamizi huinakili anwani ya simu iliyoruhusiwa akajifanya ndiyo yeye. Atakayesumbuka ni mwenye nyumba, kwani simu nyingi za siku hizi hujibunia anwani ya bandia kwa kila mtandao. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kumshuku jirani, hesabu kwanza simu, televisheni na kamera za nyumbani mwako. Huenda baadhi ya hao usiowajua ni watoto wako mwenyewe.

Ulinzi wa kweli umo katika neno la siri, na hapa ndipo ninapoomba tukae. Kwa shangazi yangu Mkomani, neno la siri lilikuwa namba yake ya simu, kama ilivyo katika nyumba nyingi mno za hapa mjini. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini 2 za mwanzo zinajulikana, ama 07 ama 01, kwa hiyo kilichobaki kukisiwa ni tarakimu 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Zinaonekana nyingi, ila mvamizi hakai barazani akizijaribu moja moja. Hunasa mazungumzo mafupi ambayo simu na ruta hufanya zinapounganishwa, akaenda nayo kwake, na huko kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde hadi ikalipata lililo sahihi. Kazi yote hiyo huchukua dakika chache, na ruta haipati habari yoyote, kwa kuwa makisio hayafanyiki kwake.

Kiwango cha ulinzi wa waifai kiitwacho WPA2, kilichotoka mwaka 2004, hukubali neno la siri la herufi 8 hadi 63, basi tuitumie nafasi hiyo. Kwa shangazi tuliweka maneno matano yasiyohusiana hata kidogo, tuliyoyatoa kwenye kamusi kwa kuifungua ovyo ovyo. Nasisitiza yasihusiane, kwa sababu methali au mstari wa kaswida, hata uwe mrefu vipi, ni maneno yanayojulikana kufuatana, na wavunjaji huanza na hayo. Ikiwa ruta yako ina WPA3, kiwango cha mwaka 2018, kichague, kwani kinazuia mtu kuyachukua mazungumzo na kwenda kuyakisia kwake. Ukiona ruta ya zamani inayojua WEP tu, kiwango cha kale zaidi, inunulie mbadala. Kiwango hicho kilivunjwa tangu mwaka 2001.

Zima pia WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au kwa namba. Namba yake ina tarakimu 8, lakini ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zilizotangulia, na ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, kila kimoja peke yake. Makisio yanayohitajika hushuka hadi 11,000 tu, jambo lililotangazwa mwaka 2011, na ruta nyingi bado zinauzwa njia hiyo ikiwa wazi.

Hata hivyo, hapa kwetu neno la siri huvuja kwa mikono yetu kuliko kwa kompyuta ya mvamizi. Mtoto wa ndugu akishaunganishwa, simu yake inaweza kuonyesha picha ya QR ambayo mwenzake anaielekezea kamera na kuingia, na kufikia magharibi kichochoro kizima kimo ndani. Kumnyima mgeni si desturi yetu na wala sikushauri umnyime. Fungua mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao kwenye mipangilio, uupe neno lake la siri na kikomo cha kasi, ili mgeni apate intaneti bila kuvifikia vifaa vyako. Neno hilo ulibadilishe kila wageni wanapopungua, na hasa baada ya Maulidi, nyumba zetu zinapokuwa zimepokea watu wa kila upande.

Jambo la mwisho ni neno la siri la ruta yenyewe, ambalo ni tofauti na la waifai. Andika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ukiingia kwa jina admin na neno la siri admin, basi aliyeunganishwa yeyote anaweza kuingia vilevile na kubadilisha kila kitu. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ya namna hiyo tu. Libadilishe, uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, kisha ukiwa humo humo utafute sehemu ya masasisho na uiruhusu ruta ijisasishe.