Usiuze michikichi ya mzee

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 22, naishi Ujiji, naendesha Probox ya abiria kwenda Kasulu na kurudi. Tangu utotoni natamani kuwa dereva wa mashindano. Barabara ile naijua kama kiganja changu, wenzangu wote hawanishiki. Kuna bwana tumefahamiana kwenye simu, anasema ana timu Uingereza inayotafuta madereva wa Kiafrika. Anataka milioni 6 za viza na leseni ya kimataifa ya mashindano. Mzee wangu amekubali kuuza nusu ya shamba la michikichi. Je, nitoe? Na kwa umri wangu, sijachelewa? – Dereva wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hata mia. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwambie mzee asimwite mnunuzi shambani.

Naandika kwa uchungu kwa sababu njia hiyo nimeipita. Mwaka 1996 nilikuwa fundi kijana hapa Tabora, mikono myepesi, kichwa kimejaa magari. Mtu mmoja Dar es Salaam akaniahidi kazi kwenye timu ya mbio nje ya nchi. Mama akauza ng'ombe wawili. Nilipewa bahasha ya kaki, ndani barua yenye mhuri wa zambarau uliokuwa bado unachafua vidole. Nilishinda uwanja wa ndege na begi langu tangu asubuhi hadi taa zikawashwa. Nikarudi Tabora kwa treni, daraja la tatu, na mama hakuniuliza kitu. Mpaka leo kimya kile nakisikia.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo. Leseni ya mashindano hainunuliwi kwa mtu wa kwenye simu. Shirikisho la dunia la michezo ya magari, FIA, lina chama kimoja cha kutoa leseni katika kila nchi mwanachama, na kwetu ni Automobile Association of Tanzania. Huko ndiko leseni yako inakoanzia. Hata ukija kutaka leseni ya nchi nyingine, chama cha kwenu huulizwa kwanza. Na viza ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi Uingereza, kwa hiyo hata angekupeleka kweli, ungeshuka ndege bila haki ya kushika spana.

Kuhusu umri nitakuambia ukweli wote. Kama ndoto ni Formula One, basi ndiyo, umechelewa. Lewis Hamilton, bingwa wa mbio hizo, alianza kukimbiza vigari vidogo vya karting akiwa na miaka 8, na timu ya McLaren wakamchukua akiwa na miaka 13. Leseni ya juu ya mbio zile kwa kawaida inadai uwe umetimiza miaka 18 na umekusanya pointi 40 katika mashindano ya chini yake, na kuzipanda ngazi hizo kunakula mamilioni ya dola. Shamba la michikichi halifiki hata ngazi ya kwanza.

Lakini mbio za magari si Formula One peke yake. Kuna rali, na rali ni ya watu wa barabara za vumbi kama wewe. Sébastien Loeb wa Ufaransa alikuwa fundi umeme. Aliingia mwaka 1995, akiwa na miaka 21, kupitia shindano la kutafuta vijana wenye kipaji. Akaja kuwa bingwa wa dunia mara 9 mfululizo, 2004 hadi 2012. Hapa jirani, McRae Kimathi wa Kenya alipelekwa Sweden mwaka 2022 kushindana juu ya theluji, kwa tairi zenye misumari. Fikiria mtu aliyezoea vumbi anakanyaga breki kwenye barafu! Lakini yeye alifika kule akiwa ameshashindana kwao, na ana wadhamini nyuma yake.

Kwa hiyo anzia pale unapofika kwa basi. Mashindano ya ubingwa wa Afrika yamekuwa yakipita Tanzania, Uganda na Rwanda, na kwenu Kigoma Rwanda si mbali. Nenda kama mtu wa mikono. Mimi baada ya lile pigo nilikwenda Nairobi kuosha vipuri vya timu ya dereva mmoja. Usiku wa pili gari liliingia shokapu ya nyuma imepasuka, mafuta yanachuruzika juu ya diski ya breki, muda wa matengenezo umebaki dakika chache. Fundi mkubwa alikuwa chini ya gari lingine. Nililala kwenye kokoto, boliti ya moto ikanichoma kiganja, sikuiachia. Gari likatoka. Asubuhi yake niliitwa kwa jina langu, si "wewe kijana".

Timu nyingi za Uingereza zipo kuuzunguka uwanja wa mbio wa Silverstone, sehemu kama Brackley na Milton Keynes, na kila dereva mmoja ana mafundi wengi nyuma yake. Cheti cha ufundi magari unaweza kukianza chuo cha ufundi cha VETA hapo hapo Kigoma, na ujifunze kuchomelea alumini, hiyo wachache wanaiweza. Mlango wa fundi ni mpana kuliko wa dereva.

Jambo moja limeniumiza. Unasema wenzako hawakushiki njia ya Kasulu. Mle ndani una kina mama na watoto waliolipa nauli. Dereva wa rali ana helmeti, mkanda wa mabegani na kizimba cha mabomba ya chuma, na barabara imefungwa. Abiria wako hawana hata kimoja. Tafadhali punguza mwendo mwanangu.

SWALI: Fundi, mimi ni binti wa Kasulu, kidato cha nne. Mwanamke anaweza rali? – Msomaji wa kike

JIBU: Anaweza, na anashinda. Michèle Mouton wa Ufaransa alianzia kiti cha msoma ramani. Mwaka 1981 akashinda rali ya Sanremo, Italia, mwanamke wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio za ubingwa wa dunia wa rali. Aliyekaa pembeni akimsomea njia alikuwa Fabrizia Pons, mwanamke mwenzake.

Kazi ya msoma ramani unaweza kuianza hata kwenye basi la kwenda Kigoma. Kaa mbele, ipe kila kona namba kwa ukali wake, andika umbali hadi kona inayofuata, andika mtaro na daraja. Wakati wa kurudi funga macho, mwenzako akusomee, uone kama barabara inakuja kichwani. Nunua daftari la jalada gumu na uandike kwa penseli, wino huyeyuka kwa jasho.