Bima ya gari lako unapobeba majeruhi

Ndugu, umeuliza kama bima ya Probox yako itakulinda ukipata ajali ukiwakimbiza majeruhi hospitali kama mhudumu wa kujitolea. Angalia kwanza ni bima ya aina gani. Ikiwa ni ya mtu wa tatu pekee, yaani inayolipia madhara unayowafanyia wengine tu, gari lako likiharibika utalitengeneza kwa pesa zako. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, inakulazimisha kuwakatia wengine bima ya kuumia au kufa, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini haikulazimishi kumkatia abiria unayembeba bure. Na yule majeruhi uliyemlaza kiti cha nyuma ni abiria! Hapo ndipo ninapowahofia sana watu wa moyo kama wako.

Mwambie wakala wa bima akuongezee kinga ya dhima kwa abiria, yaani bima ilipe abiria wako akikudai kwa kuumia. Kisha iandikie kampuni, ueleze kuwa unajitolea, na udai jibu la maandishi. Ahadi ya simu haitakufaa mahakamani. Kabla hujajibiwa, usipokee hata hela ya mafuta kutoka kwa jamaa za mgonjwa, maana bima ya matumizi binafsi haihusu kubeba watu kwa malipo. Pia uliza kikundi chako kama kimekukatia bima ya ajali wewe mwenyewe.