Kabla Hujanunua Pistoni ya Hamsini

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina DT125, nataka kuchonga silinda niweke pistoni ya hamsini. Itakimbia?" DT125 ni pikipiki ya Yamaha, na "hamsini" ni pistoni yenye kipenyo kilichozidi cha kiwandani kwa nusu milimita, hivyo silinda lazima ichongwe ipanuke. Nikacheka, kisha nikanuna. Pistoni kama hiyo ilininyima kombe la mbio za pikipiki.

Yangu ilikuwa DT125 ya zamani, ile ya kupozwa na upepo: kipenyo cha silinda milimita 56, mwendo wa pistoni milimita 50. Injini ilikamata, yaani pistoni ilinasa ndani ya silinda, kwa uzembe wangu: nilipunguza oili kwenye petroli eti moshi umezidi. Fundi akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo, akasema ya ishirini na tano, yaani iliyozidi robo milimita, ingetosha kabisa, ila dukani imebaki ya hamsini. "Nusu milimita tu, bosi, nani atajua?" Nikakubali.

Nilimaliza wa pili. Aliyekuwa nyuma yangu akalipa ada ya rufaa, kichwa cha silinda kikafunguliwa mbele ya watu. Mkaguzi akaingiza kalipa, kile kipimo cha kipenyo, akatoa simu, akapiga hesabu ya ujazo kwa sentimita: 5.65 mara 5.65 mara 0.7854 (robo ya pai) mara 5. Ikaja 125.36. Daraja letu mwisho ni sisi 125, yaani sentimita za ujazo. Hakusema neno, alinigeuzia kioo cha simu nijisomee. Hadi leo nikikutana na yule jamaa moyo hunichoma. Njiani hakunipita hata mara moja!

Sasa sikilizeni. Ya ishirini na tano ingenipa 124.25, halali kabisa. Na ile hamsini ilinipa nini? Ujazo uliongezeka asilimia 1.8. Ndiyo nikauzia kombe! Nguvu ya tu-stroki, injini hizi za kuchanganya oili na petroli, itafute kwenye milango ya silinda (matundu ya kupitishia mchanganyiko na moshi), bomba la moshi na kabureta. Wenye YZ125, ile Yamaha ya mbio, ndio msithubutu: 54 kwa 54.5 ni 124.8 tayari, ukiongeza robo milimita unakaribia 126, na silinda yenyewe imepakwa nikasili, utando mgumu sana, haichongwi ovyo. Yapo mashindano yanayoachia kidogo kwa ajili ya uchakavu, mengine hayaachi hata nukta. Someni kanuni. Pigeni hesabu kabla ya kutoa pesa. Narudia, kabla! Na ukishachonga, laza kingo za milango kwa msasa, la sivyo ringi itanasa ikatike. Lakini nyie mkisikia "kubwa" masikio yanaziba, kama yangu yalivyoziba.

Kijana, kama pistoni bado iko kwenye boksi, irudishe dukani leo. Muuzaji akikataa, jiandikishe daraja la juu, huko hakuna atakayekufungulia injini.