Mwanangu, kuhusu lile neno stour

Mwanangu, hujambo? Sisi huku wazima. Meseji yako nimeisoma, ile unauliza mbona dikshonari inasema stour ni vita halafu kwenye ubeti wa Spenser, yule mshairi wa Kiingereza, uliopewa kuchambua hakuna hata anayepigana, yupo yule binti Una tu analia. Nimefurahi umelishtukia mwenyewe.

Iko hivi. Stour iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na maana yake ni mapigano yenyewe, pale watu wameshavaana na ni vurugu tupu. Mshairi Chaucer, aliyefariki 1400, kaitumia hivyohivyo kwa Zenobia, malkia wa Palmira aliyeshindwa na Warumi: yule aliyevaa helmeti kwenye stour kali akateka miji na minara, sasa fimbo ya kifalme hana tena, anashikishwa kijiti cha kusokotea uzi. Mi hapo huwa naumia kila nikipasoma, maana kushindwa kote huko unakuona kwenye kichwa na mkono wa mwanamke mmoja.

Sasa Spenser. The Faerie Queene, utenzi wake ulikotoka ubeti wako, ilianza kutoka 1590 na neno lilikuwa limeshazeeka, si unaona hata kwenye kitabu chake cha mashairi The Shepheardes Calender cha 1579 yule mfafanuzi aliyejiita E.K. ilibidi awaelezee Waingereza wenyewe, na pale wala hasemi vita, anasema ni hali inayomkumba mtu. Spenser alipenda maneno ya kale makusudi kabisa, mwandishi mwenzake Ben Jonson akamsema sana kwa hilo, ila mimi siko upande wa Jonson. Angalia ubeti wako: Una kaamka asubuhi, anamtafuta shujaa wake kumbe keshakimbia, mbilikimo wake naye hayupo, ndo anaanza kulia kwa ile stowre, ndo stour hiyohiyo ila Spenser kaiandika hivyo. Vina vyake ni bowre, houre, stowre, na ubeti wa Spenser una mistari 9 kwa vina vitatu tu, kwa Kiingereza hiyo ni kazi kwelikweli, kwa hiyo neno kama hili lilimfaa sana. Lakini usiishie kwenye kina, tafadhali. Hapo tafsiri ni dhiki, masaibu, na yeye kachagua neno lililotoka vitani, kampa binti asiye na silaha wala mtu wa kumtetea. Hilo ndo ningeliandika mimi kwenye insha.

Halafu Scotland neno lipo bado, ila huko ni vumbi. Burns, mshairi wa huko, kwenye shairi lake la 1786 la ua dogo la shambani anasikitika kwamba jembe lake la kukokotwa litaliponda kwenye stoure. Vurugu ikageuka vumbi linalotimka, na sisi tukisema timu zitatimua vumbi si tunamaanisha zitapambana? Lisome hilo shairi lote, si refu, halafu insha nitumie kabla hujakabidhi.

Mama yako