Anayelala Kibarazani ni wa Halmashauri Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza nafaka karibu na stendi ya mabasi hapa Moshi. Kila unapofanyika msako wa watoto na vijana wanaolala vibarazani, tunasikia wamehamia Arusha. Arusha nako kukifanyika msako, sura zilezile hurudi kwetu. Je, iko miji jirani iliyowahi kulishughulikia jambo hili kwa pamoja? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ipo, ingawa si yote iliyofanikiwa. Nchini Marekani, miji ya Bellevue, Kirkland na Redmond, pamoja na Kaunti ya King, iliunda mwaka 1992 chombo kiitwacho ARCH, ambacho kupitia kwake miji huchangia mfuko mmoja wa nyumba za gharama nafuu. Jiji na Kaunti ya Los Angeles nazo ziliunda mamlaka ya pamoja ya kuwahudumia wasio na makazi mwaka 1993, lakini Aprili 2025, baada ya wakaguzi kulalamikia usimamizi dhaifu wa fedha, kaunti iliamua kuondoa humo zaidi ya dola milioni 300 na kuanzisha idara yake yenyewe. Ushirikiano usio na hesabu zinazosomeka haudumu, hata penye fedha nyingi.

Kwetu, ugumu unaanzia kwenye daftari. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaitaka kila halmashauri kuwa na rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi ndani ya eneo lake, ilhali barabara ya kilomita 80 hivi kati ya Moshi na Arusha inapita Boma Ng'ombe na Usa River na kuvuka mpaka wa mikoa miwili. (Kondakta haulizi abiria wake ni wa halmashauri ipi.) Mtoto aliyeandikishwa wilayani Hai akishukia Arusha, afisa ustawi wa jamii huweza kujikuta akianza upya kumuuliza jina, shule na sababu ya kutoroka, wakati mwenzake wa Hai anamfahamu hata shangazi yake. Kwa maoni yangu, kabla ya kufikiria jengo la pamoja, halmashauri hizi zikubaliane kwanza juu ya fomu moja, jalada linalomfuata mtoto popote aendako bila taarifa zake kuzagaa, na nani atalipa nauli ya afisa wa kumrejesha nyumbani na kumtembelea tena, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa kwenye kipigo kilekile atapanda basi tena.

Watu wazima wanahitaji chumba na kipato, na hapo ndipo mfuko wa aina ya ARCH ungefaa. Msako huwahamisha tu.

Wewe mwenyewe unaweza kumwarifu mtendaji wa mtaa, au kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Ikiwa mtoto amekutajia kijiji chake, kitaje, hata kama kiko mkoa mwingine.